Kuponi za Zamu ya Mugwaneza

Béata alisema aliona kwa macho yake mawili. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akisubiri pikipiki, akaona mwanamke wa Bukavu mwenye miwani na kitenge cha njano akiingia katika duka jipya la Kamembe, upande wa Rwanda, kuponi zimemjaa mkononi kama mtu anayecheza karata. Hata jasho halijamkauka Béata, mwanamke yule akatoka. Nyuma yake mchukuzi, shingo imezama mabegani, amebeba bidoni, yaani madumu ya mafuta, mpaka huoni uso wake.

"Bon zote mu mukono moja!" Béata alisema pale bombani, akiinua mkono wake mwenyewe, maji yakimtiririka hadi kiwikoni. "Na hakuna muntu alimuuliza kitu. Hata bonjour yake walimujibu!"

Mugwaneza alikuwa akiyarudia maneno hayo moyoni, moja moja, kama shanga za rozari, huku mstari ukimsogeza kuelekea kaunta. Mfukoni mwa sketi alikuwa ameshika kuponi nne. Zilikuwa zimeanza kulowa.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi nzima mji ulikuwa umefunga milango, watu wako kwenye mitaro na majembe, na duka lilifunguliwa tu baada ya mkutano wa mtaa kwisha. Siku ya mwisho ya kuponi ikawa nusu siku. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo kila mtu alikuja kwa wakati mmoja: wanaume wenye matope ya umuganda kwenye mabuti, wanawake waliovuka kutoka Bukavu na vikapu vyao, mabibi waliokuja na viti vya kukalia. Katikati ya duka, juu ya mbao, bidoni za mafuta zilikuwa zimepangwa kama ukuta, na ukuta ulikuwa ukipungua upande mmoja.

Kuponi hizo, watu walikuwa wakiziita bon. Gari lenye kipaza sauti lilizunguka nazo sokoni: nunua bidoni moja, upate ya pili bure. Msichana wa garini alikuwa akiandika jina la kila aliyepokea nyuma ya karatasi, kisha anakupa na tabasamu. Wanawake wanne wa bomba moja walipata moja moja. Hao wanne walikuwa na ikimina chao: kila mwezi kila mmoja anaweka chake mkekani, na vyote vinaondoka na mwenye zamu. Bon zilipofika, Mukankusi, mkubwa wao, alisema neno ambalo hakuna aliyeona cha kulipinga. Kitu walichopewa wote siku moja kinawekwa pamoja, kisha kinapewa mwenye zamu. Kila mmoja atatoa pesa ya bidoni yake. Zile za bure zitakuwa za Mugwaneza.

"Na majina haya huku nyuma?" Uwamwezi, muuza samaki wadogo wa sambaza, aliuliza siku ile.

"Hata mu ikimina yetu tunaandikaga majina," Mukankusi alimjibu. "Na bitu binaenda kwa mwenye zamu. Jina ni ya kuonyesha tu kama ulipewa."

Ndipo Béata akaleta habari ya mwanamke wa kitenge cha njano, na shauri likaisha.

Mugwaneza alikuwa mdogo wao. Miaka yote alikuwa akikaanga mandazi kwenye moto wa wengine, kwenye karai la wengine, na jioni analipwa yale yaliyoungua pembeni. Sasa kesho, Jumapili, ilikuwa sikukuu ya kwaya za parokia, na Anastase, katekista aliyepewa kazi ya chakula, alikuwa amempa mandazi yote yeye, kwa jina lake. Unga ulikuwa umenunuliwa, sukari, hamira. Pesa yake yote, ila ya bidoni moja, ilikuwa imelala ndani ya magunia yale. Kilichobaki kilikuwa mafuta, na alikuwa ameyapima kichwani mara nyingi kama mtu anayepima nguo kabla ya kukata: bidoni yake mwenyewe na zile nne za bure. Ikipungua moja tu, karai litakauka kabla kwaya za mwisho hazijafika.

"Kwaya za Rwimbogo na Gikundamvura zitakuya na miguu, tangu alfajiri," Anastase alikuwa amemwambia. Hakumwambia kwa ubaya. "Kwaya moja ikikosa kitu ya kutia ndani ya chai, mimi sitaweza kukutetea. Hii kazi itaenda kwa mwengine, na itabaki kwake kila mwaka."

"Mwenye kufuata!"

Zamu yake. Keshia alikuwa kijana aitwaye Hugues; jina lilikuwa kifuani, kwenye kibandiko. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Mafuta?"

"Mafuta. Bon njo hizi."

Hugues alizitandaza juu ya kaunta, akazigeuza, akazisoma nyuma. Kisha akasukuma tatu kurudi kwake kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuiagiza.

"Moja."

"Ziko ine, kaka."

"Naona ziko ine. Weye uko wangapi?"

Mtu alicheka mstarini. Mugwaneza hakugeuka.

"Mugwaneza ni weye?" Hugues aliuliza. "Nipatie indangamuntu." Akakitazama kitambulisho chake. "Sawa. Uwamwezi ni weye? Mukankusi ni weye?" Akachukua kalamu, akaigeuza kuponi upande wa mbele, akaonyesha mstari wa herufi ndogo uliokuwa chini kabisa, chini ya picha ya bidoni. "Angalia. Hii 'max 1/cl.', cl. ni client, mukiriya, muntu wa kununua. Mukiriya moja, bon moja. Hii 'n. cum.' ni kusema hauwezi kuweka bon yulu ya bon yingine. Hii 'd.l. stk.' ni mpaka stock itaisha; ikiisha, hata ukuwe na bon ya dhahabu, utarudi nayo. Na hii 'val.' unaijua. Siku ya mwisho ni leo."

Mugwaneza alikuwa ameziona herufi zile. Alikuwa mtu wa kuona. Alimaliza la sita, na baada ya hapo hakuna aliyepata pesa ya kumwendeleza, lakini tangu hapo alikuwa akisoma kila kilichopita mbele yake: karatasi za sabuni, mifuko ya chumvi, matangazo ya chanjo ukutani. Usiku ule walipokusanya kuponi aliziona, na swali likafika hadi kwenye meno. Mukankusi akasema hizo ni alama za mashine ya kuchapa, kama zile zilizo chini ya kiberiti. Na Mugwaneza ndiye aliyekuwa akipokea. Anayepokea hachunguzi mbele ya wanaotoa. Akameza swali.

"Lakini ni za ikimina," alisema sasa, polepole. "Hazikuibwa. Bamaman bote banajua. Leo njo zamu yangu."

Hugues alimtazama, na kwa kitambo uso wake ukawa wa mtoto wa mtu. "Dada, nakuelewa. Mama yangu pia ako mu ikimina. Lakini hii mashine haina ikimina. Na patron, mwenye duka, ako yulu, anaangalia kamera. Nikipitisha zote ine, siku ya lundi utanikuta ku gare ya mabasi nauza mayai."

"Weye wa mafuta!" mwanaume mwenye mabuti ya matope alipaza sauti nyuma yake. "Unaenda kukaanga ziwa yote ao?"

Mstari ukacheka, safari hii wote. Mwanamke mmoja wa Bukavu akadakia, "Banyarwanda, nyinyi njo mulitufundisha kupanga mustari. Leo mustari inabashinda?"

"Patia bantu njia!"

Masikio ya Mugwaneza yalikuwa yakiwaka. Watu wanaomfahamu husema hana mdomo; wanasema unaweza kukaa naye siku nzima ukasahau kama yupo. Lakini kicheko kile kilimpanda kutoka miguuni, na kilipofika shingoni kikatoka na sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Si mimi! Ni Béata wa bombani alisema aliona! Béata njo alitudanganya siye bote!"

Duka halikunyamaza. Lakini watu watatu nyuma yake, mwanamke mmoja mwenye vumbi la makaa kwenye kope aliinua kichwa.

"Béata gani? Maman Valens?"

Mwanamke wa makaa alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa simu, na alikuwa anatabasamu kabla hata haijaita.

Hugues alipitisha kuponi moja, akampa bidoni mbili. "Kila muntu akuye yeye mwenyewe, na kitambulisho yake," alisema. Kisha akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa bidoni. "Na bakimbie."

*

Alikaa kwenye ngazi za duka, bidoni mbili zimebanwa na magoti, akapiga simu.

Uwamwezi alipokea huku akipigana maneno na mnunuzi. "Allo? Ngoja nipimie huyu muntu sambaza zake. Nini? Hapana, maman, hiyo kipimo ni ileile ya kila siku! Mugwaneza, sema."

Mugwaneza alisema. Upande wa pili kipimo kikagonga meza, kisha, "Nakuya."

Alikuja mbio, aproni imelowa, magamba ya samaki yakimeremeta kwenye mikono kama kwamba amejipamba. Mugwaneza alimpa kuponi yake na pesa yake, Uwamwezi akaingia mstarini, na watu wa mbele na wa nyuma wakampa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji kwa sababu ya harufu. "Musinikimbie," aliwaambia. "Kesho mutanitafuta na sahani."

Alitoka na bidoni mbili, moja kila mkono. Alisimama mbele ya Mugwaneza, akaziinua kidogo, akazishusha. Akaziinua tena.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. "Kumbe inalemea hivi."

Mugwaneza aliangalia vidole vya Uwamwezi. Vilikuwa vimekunja vishikio vyote viwili kwa nguvu ileile. Uwamwezi mwenyewe naye akaviangalia, kama vile ni vya mtu mwingine. Halafu akacheka, akaweka moja chini.

"Shika haraka, mbele shetani anione. Batoto yangu bataniuliza leo bidoni ya pili iko wapi." Akageuka kurudi sokoni, akasimama. "Umeita Béata?"

"Hashiki simu."

"Mbona bantu ya sokoni banacheka jina yake?"

Mugwaneza aliinama akapanga bidoni tatu mstari mmoja. Uwamwezi alimsubiri ajibu, akachoka, akaenda.

Mukankusi alikuwa kwenye petite barrière, kizuizi cha mpakani, kwenye daraja la kwenda Bukavu, amevaa nguo za kilio.

"Minaisha kupewa jeton ya kuvuka!" alilalamika, na nyuma ya sauti yake Mugwaneza alisikia mikokoteni na watu wakiitana. "Naenda matanga ya dada wa marehemu bwana yangu. Unataka nibaambie nini? Mufu asubiri, kuko mafuta?"

"Maman, nasamehe. Bidoni zinaisha. Naziona kutoka hapa."

"Si nilikuambia upatie kijana bon zote?"

"Nilimupatia. Alikatala. Inaomba mwenyewe."

Kisha kelele ya barabarani ikabadilika, na Mugwaneza akajua kwamba Mukankusi ameshageuka.

Alifika kwa pikipiki, ameketi upande, kitambaa cheusi kichwani. Wengine walimpisha kwa ajili ya nguo zake. Ndani, Mugwaneza alimwona kupitia kioo akimsikiliza Hugues, akiinamia kuponi, akifuata kwa kidole herufi zile zile alizosema ni za mashine. Alitoka bila kuzitaja.

Hakuweka bidoni chini. Alizishika zote mbili, moja ameiegemeza pajani.

"Ilikuwa karatasi," alisema. "Karatasi unaitoa bila kuangalia." Aliitazama bidoni ya kulia, ambayo jua lilikuwa likipita ndani yake na kutupa doa la njano kwenye gauni lake jeusi. "Mimi njo nilisema ile neno. Mimi mwenyewe, na kinywa yangu."

"Njiyo, Maman."

"Kama ingekuwa ni mwengine alisema, leo ningekuambia kitu."

Mugwaneza alingoja. Kungoja alikujua, mandazi yalimfundisha: ukiligeuza andazi kabla ya wakati linakunywa mafuta, ukichelewa linaungua. Hakusema tafadhali.

"Mafuta yenye itabaki kisha kukaanga," Mukankusi alisema mwishoni. "Yote. Utaniletea mimi."

Mafuta yale yatakayobaki ndiyo Mugwaneza alikuwa ameyawekea Jumatatu. Jumatatu alitaka kuwasha moto wake mwenyewe mbele ya nyumba, na tangu Jumatatu asikae tena kwenye moto wa mtu.

"Nitakuletea, Maman."

Bidoni ikatua kando ya zingine. Nne. Mukankusi akapanda pikipiki iliyokuwa ikimsubiri, nguo nyeusi akazikusanya kati ya magoti, akaenda kulilia mtu wake.

*

Jua lilikuwa limehama upande wa pili wa barabara. Mugwaneza alipiga simu ya Béata ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena. Sasa haikuita kabisa.

Hakuweza kuziacha bidoni. Kila mara aliinuka, akapiga hatua moja hadi mlangoni, shingo ndani, miguu nje, akatazama mbao zile. Ukuta wa mwanzo ulikuwa umebaki safu. Safu ikawa na meno. Watu walikuwa wakitoka wawili wawili na mafuta, wanacheka, wanapishana naye kwenye ngazi, na mwanamke mmoja akamuuliza kama zile zake anaziuza.

Anastase alipiga. "Mugwaneza, unga umeshakanda?"

"Nakuya kukanda, Papa Anastase."

"Mafuta?"

"Niko ku mafuta."

"Sawa. Kwaya ya Gikundamvura banasema bameongezeka. Batakuya na bale ba batoto." Akakata.

Alibaki na simu sikioni. Aliwaza kuomba mtu yeyote aingie na kuponi ya Béata, lakini jina lilikuwa pale nyuma, na Hugues angeligeuza. Na hata kama asingeligeuza. Asubuhi kuponi ile ilikuwa karatasi ya ikimina. Sasa, baada ya lile neno kutoka mdomoni mwake mbele ya watu, ilikuwa ya Béata tu.

Akamwona.

Béata alikuwa akivuka barabara bila kuangalia magari. Mikono ya blauzi ilikuwa bado imekunjwa, na kwenye viwiko povu la sabuni lilikuwa limekauka likawa vumbi jeupe. Hakuamkia. Alisimama mbele ya Mugwaneza na kunyoosha kiganja.

"Karatasi yangu. Na pesa yangu."

Mugwaneza alimpa vyote viwili. Béata akaingia.

Mstari ulikuwa mfupi sasa. Mbele ya Béata kulikuwa na mwanaume mmoja, na kwenye mbao bidoni nne. Mwanaume akachukua mbili. Mugwaneza alijikuta ameshika fremu ya mlango. Béata akaweka kuponi, akaonyesha kitambulisho, akalipa. Hugues alikwenda mwenyewe kuchukua zile mbili za mwisho. Moja ilikuwa na kishikio kilichovunjika, kwa hiyo alizifunga pamoja kwa skochi, akazungusha na kuzungusha, akakata kwa meno. "Hivi utabeba kama moja," Mugwaneza alimsikia akisema. Nyuma ya Béata, mwanamke mwenye kuponi mkononi alianza kugomba, na Hugues akaanza kumsomea herufi ndogo.

Béata alitoka ameukumbatia mzigo wake tumboni. Hakwenda. Aliketi kwenye ngazi, mbali kidogo na Mugwaneza, akaweka bidoni zile mbili kati ya miguu yake na kuzibana.

"Alinipigia nikiwa nafua," alisema, akitazama barabara. "Mwenye makaa. Anacheka mpaka anakohoa. Ananiuliza: Maman Valens, ile bidoni uliona zilikuwa na mabawa? Zilikuwa naruka ao zilikuwa natembea?"

"Maman Valens..."

"Nilizima simu. Bakakuya ku mulango."

Mugwaneza alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Niliona mwanamke," Béata alisema. "Niliona bon. Niliona bidoni. Kama alilipa zote, kama ni mwenye duka kule kwao, ile ya ndani sikuiona, sikukuwa ndani. Nilisema nilikuwa ndani?"

"Haukusema."

"Hakuna aliniuliza. Mukankusi, najua, yeye anaulizaga nani? Uwamwezi anacheka tu. Lakini weye." Sasa akageuka. "Weye unaangaliaga kila kitu. Uliona nimesimama ng'ambo ya barabara mu ile hadisi yangu. Sababu gani haukuniuliza?"

Kulikuwa na jibu, na Mugwaneza alilijua: alitaka iwe kweli. Lakini jibu lile, hapo kwenye ngazi, lingekuwa kama kuomba mara mbili.

"Kule ndani, ulimi ulinipita," alisema.

"Mukankusi amekupatia yake?"

"Amenipatia."

"Uwamwezi?"

"Amenipatia."

"Hao haukubaita mbele ya bantu ya Bukavu." Béata alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. "Mutaa yote, Mugwaneza. Valens ametoka kucheza, amerudi ananiuliza: mama, mwongo ni nini?"

Nyuma yao, Hugues aliweka mti mlangoni ili asiingie mtu mwingine. Simu ya Mugwaneza ikaanza kutetemeka kwenye saruji, kati yao wawili. Jina la Anastase likawaka kwenye kioo. Wote wawili wakalitazama. Likazima. Likawaka tena. Mugwaneza hakunyoosha mkono.

Aliinuka, akashuka ngazi, akachuchumaa chini mbele ya Béata, mahali ambapo uso wake ulikuwa chini kuliko wa Béata, kama mtu anavyochuchumaa mbele ya shangazi. Kutoka pale aliona kitu ambacho hakukiona alipokuwa juu: gauni la Béata lilikuwa limevaliwa kinyume, mshono nje. Alikuwa ametoka nyumbani hivyo, akapita njia yote hivyo. Na bado alikuja.

"Maman Valens," alisema. "Nakuomba ile moja."

Macho ya Béata yalikuwa yamerudi barabarani, kwa watu waliokuwa wakipanda kuelekea gare na mizigo yao. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka kwenye bidoni, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa ukitembea juu ya skochi, polepole, ukizunguka upande mmoja, ukasimama, ukarudi, ukitafuta mahali inapoanzia.